Matembezi ya Mama Vienna

Katika picha ya kwanza mama yangu amevaa mtandio wa samawati, na nyuma yake lipo kasri la manjano lenye madirisha mengi kuliko watu wa kuyachungulia. Katika nyengine mtandio ni wa zambarau na nyuma kuna bustani. Katika ya mwisho ni wa kijani, na mbele yake kuna kikombe cha kahawa na kipande cha keki ya chokoleti ambacho hakukigusa. Anatabasamu katika zote. Ukizitazama moja moja, kila siku moja, utasema huyu ni mama mtu mzima aliyechoshwa na joto la Muscat, akaenda zake Ulaya kupunga upepo. Ukizitandaza pamoja utaona kwamba mawingu ni yale yale na viatu ni vile vile.

Zote zilipigwa siku moja, na ndugu yangu Aflah ndiye aliyezipiga. Alimfuata mama nyuma na mfuko wa plastiki uliojaa mitandio, na mama akawa anajibanza penye miti, anajitanda mpya juu ya wa zamani kisha anauchomoa wa chini, bila ya unywele mmoja kuonekana. Asubuhi ya pili yake alilazwa hospitali. Picha nililetewa mimi pamoja na amri: kila siku nitie moja kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kila moja niiandikie maneno mawili matatu ya furaha.

Nilizitia nikiwa kitandani, nyumbani kwangu Mabela, mzazi wa siku chache, mwanangu wa kwanza amelala ubavuni. Kwa desturi yetu, tuliyokuja nayo kutoka Unguja na hatukuiacha hata tulipopata viyoyozi na vyeo serikalini, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini, na anayemkalia ni mama yake. Humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa mkaja, humpikia uji wa pilipili manga, na humgombeza akisimama penye upepo. Mama asiyekuwepo kwenye arubaini ya mwanawe awe amekufa au hajiwezi. Hakuna sababu ya tatu. Mama yangu aliondoka kabla kitovu cha mjukuu wake hakijakatika, akaenda kutazama makasri. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyojua.

Uongo ule ulisimama kwa sababu yangu mimi. Kazi yangu ni wizarani, Al Khuwair, lakini katika ukoo cheo changu ni kingine. Kila mwaka joto linapoanza kuuma, simu zinaanza kulia. Jawaher, mwaka huu twende mji gani? Tufikie wapi? Tuone nini? Nami, sikatai, hujisikia raha. Huwaambia wasifikie karibu na stesheni, wafikie karibu na njia ya tramu. Huwaambia kasri moja kwa siku linatosha, kwa sababu ukishaona la pili yote yanafanana. Huwaelekeza wapi watapata nyama ya halali, na huwakumbusha kuchukua kopo lao, maana Ulaya yote ile na dhahabu zake za ukutani hawana maji ya kujisafisha chooni. Vienna niliijua zaidi, kwa sababu ndiko tulikokwenda mimi na mume wangu, Maan, tulipooana. Nilishawatuma huko nusu ya jamaa zetu. Kwa hiyo iliposemwa kwamba Jawaher kampangia mamake matembezi ya Vienna, hakuna aliyeshituka. Walichoshitukia ni wakati wenyewe.

Mama alianza kulalamika tumbo mimi nikiwa na mimba ya miezi sita. Hospitali ya hapa wakaona uvimbe kwenye utumbo, wakasema haufai kuachwa, na daktari mmoja rafiki yake Aflah akatuunganisha na mpasuaji wa Vienna anayeujua ugonjwa huo. Tulikaa sebuleni kwa mama, mimi na Aflah, tukijitahidi kutotazamana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akaniuliza kama Vienna ndiko kule nilikokwenda na Maan. Nikamwambia ndiko.

“Basi miye nnakwenda kutembea,” akasema.

Nilidhani hajafahamu. Alifahamu vizuri sana. Alikuwa akimkumbuka ndugu yake, mjomba Harub.

Mjomba Harub aliugua nilipokuwa chuoni, na khabari zake zilipotoka tu nyumba ilijaa. Wanaume barazani, wanawake vyumbani, machupa ya kahawa, sahani za halwa, na kila aliyeingia alimtazama mgonjwa usoni kisha akatoa leso. Watu aliokuwa hajawaona kwa miaka walikuja kumtaka radhi, na hapo ndipo alipofahamu mwenyewe kwamba anaondoka, kwa sababu madaktari walikuwa bado wanampa moyo. Mmoja aliuliza atazikwa wapi, na mjomba yuko macho. Aliyelia zaidi ya wote alikuwa dada yao mkubwa, Bi Mahfoudha, mama mkubwa wangu. Alilia mpaka yeye akaanguka kwa presha, wakawa wagonjwa wawili. Mama alikaa miguuni pa kitanda siku zote zile, akimpepea kaka yake na kuyaona hayo.

“Sitaki kuliliwa na hali nnasikia,” alituambia siku ile. “Na dada zaidi. Dada akijua, atalala yeye kabla yangu. Nyinyi hamumjui.”

Tulimjua. Mama yao aliwafia wangali wadogo, na Mama Mkubwa ndiye aliyembeba mama yangu, yeye mwenyewe hajavunja ungo. Walikuja Muscat pamoja miaka ya sabini, wakaolewa mwaka mmoja, na sasa nyumba zao zote mbili ziko Mabela. Hakuna siku waliyopitisha bila ya kusemezana, japokuwa ni kugombana.

Mpango ulikuwa mama asubiri amalize kunikalia arubaini, ndipo asafiri. Mpasuaji akajibu kwamba si ugonjwa wa kusubirishwa, akatupa tarehe. Mtoto naye akazaliwa wiki moja tu kabla ya tarehe hiyo. Nilimsihi mama aseme kweli, angalau kwa dada yake. Nilimwambia watu watamsema vibaya mpaka masikio yamwashe.

“Waache waseme nimepotoka na uzee,” akanijibu. “Bora hilo kuliko wakae wananihesabia siku.” Akambusu mtoto, akanishika kidevu kama nilivyokuwa mdogo, akanitaka ahadi. Nikampa. Nilikuwa nimemkasirikia hata nikashindwa kulia, na gari lilipoondoka nikalia mpaka Maan akatishika.

Mama Mkubwa alipata khabari kwenye kundi, kama watu wote. Alasiri ile ile alifika kwangu na sufuria, chupa ya mafuta ya nazi, mkaja uliopigwa pasi na furushi la majani ya kuchemshia maji. Nilijitayarisha kwa maswali. Aliweka vitu chini, akavua abaya, akakunja mikono ya gauni.

“Vua,” akasema.

Tangu siku hiyo alikuja kila siku. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini na mikono ya mtu wa arubaini. Nusu ya wanawake wa ukoo wetu wamepita katika mikono hiyo, waliozaa salama na waliopasuliwa, na akimkanda mtu anajua wapi panauma kabla hajaambiwa. Alinikanda tumbo na kiuno, akanifunga mkaja mpaka pumzi ikapungua, akanisimamia ninywe uji, na muda wote huo akimsema dada yake. Alipochoka kumsema, aliuliza.

“Haya, leo wako wapi hao watalii?”

Na mimi nikamwambia. Ilinibidi niitumie ile Vienna yangu na Maan, kila njia niliyoipita na kila kiti nilichokalia, nimtembeze mama ndani yake. Siku ya kwanza nilimpeleka kwenye kasri. Siku ya pili nikampeleka mtoni, nikamfanya alalamike kwamba mto wenyewe si wa samawati kama wanavyosifia. Nikampandisha gari la farasi, nikasema farasi wa kule huvalishwa vikofia vya kuzibia masikio ili wasishituke na kelele za mji. Mama Mkubwa akasita kukanda.

“Farasi wamevaa kofia?”

“Za kufumwa, Mama Mkubwa.”

Akacheka, kicheko cha kutoka tumboni. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akanifinya kiuno nikapiga ukelele. Nikagundua kitu ambacho kiliniumiza kuliko kidole chake: alikuwa akizingojea zile hadithi. Alimtaka dada yake, na kwa kuwa hakumpata aliridhika kumsikia tu, amefikia wapi na ameona nini. Nami nilikuwa nikimlisha upepo.

Siku ya kupasuliwa mama ilikuwa siku ya mtandio wa zambarau. Aflah aliniandikia asubuhi kwamba wameshamwingiza ndani. Kisha kimya. Kila simu ilipotikisika niliidaka, na kila mara ikawa ni mtu wa kundini anayesifia bustani. Mama Mkubwa alipofika nilikuwa nimeshakwisha. Alichemsha maji, akanilaza, akaanza kunikanda kwa kitambaa cha moto, na kama kawaida akauliza leo wako wapi.

Nikaanza kumwambia juu ya lile gurudumu kubwa, lenye vibanda vya mbao vinavyokupandisha taratibu mpaka juu, ukauona mji wote chini yako. Nikasema mama alikuwa anaogopa kupanda, Aflah akamshika mkono. Nikasema mlango ukafungwa. Nililia kilio kibaya, cha mdomo wazi, mtoto akaamka naye akalia.

Mama Mkubwa alisimama na kitambaa mkononi, maji yanamchuruzika hadi kiwiko. Aliona alichoweza kuona: mzazi amelala peke yake, anamlilia mama aliyemtupa. Nilitaka kumwambia. Maneno yalishafika kwenye meno. Nikaiona ile presha, nikaiona sakafu atakayoangukia, nikamsikia mama akinitaka ahadi, nikanyamaza. Yeye akafuta mikono, akachukua simu yake, akabonyeza ile alama ya kurekodi sauti, na si kwa mama peke yake bali kwenye kundi la ukoo mzima.

“Kheiria,” akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Mwanao yuko hapa analia, na weye uko kwenye bustani za watu unanusa maua. Mama alipokufa nilikubeba mgongoni na miye mwenyewe mtoto. Sikukulea hivi. Ukirudi, usinipigie hodi.”

Akaituma. Ilisikika Mabela na Al Khuwair, ilisikika Salalah kwa waliokimbia joto, ilisikika Unguja na London. Mama yangu wakati huo alikuwa juu ya meza, tumbo wazi.

Nilimchukia Mama Mkubwa kwa muda wa dakika chache, na nikamchukia mama kwa muda mrefu zaidi. Huyu alikuwa anaadhibiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na yule alikuwa anaadhibu kwa jambo ambalo halikutokea, na wote wawili walikuwa wanafanya hivyo kwa mapenzi. Mimi katikati nikiwa nimefungwa mkaja, siwezi hata kuvuta pumzi ya kukasirika sawasawa.

Baada ya magharibi Aflah akapiga. Ametoka, yuko hai, uvimbe umeondolewa pamoja na kipande cha utumbo, sasa tungoje. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, Maan akasujudu pale pale pembeni ya kitanda. Kesho yake nikatia picha ya mtandio wa kijani, ile ya keki, nikaandika kwamba mama anaogopa sukari. Watu wawili tu waliipenda, na mmoja wao nadhani aliibonyeza kwa makosa.

Siku mbili tatu zikapita kabla ya mama kuweza kuzungumza. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno, ikabidi nizime kiyoyozi ili niisikie. Nilianza kumwomba radhi kwa ile sauti ya Mama Mkubwa, nikamwambia sikuweza kumzuia. Akanikatiza.

“Aflah kanisikilizisha,” akasema. “Nilipozinduka nilikuwa sijijui niko wapi. Kila mtu ananisemesha Kijerumani. Nikamwambia Aflah nitafutie sauti ya dada.” Akapumzika. “Nimeisikiliza mara nyingi. Bado ana nguvu, alhamdulillahi. Mwache anitukane.”

Mambo hayakuishia hapo. Jeraha la mama lilifanya usaha, madaktari wakakataa kumruhusu kusafiri, na picha zikanimalizikia. Ikabidi niandike kundini kwamba wameupenda mji, wameongeza siku. Nadhani kama ningeandika kwamba mama kaolewa na Mzungu isingekuwa fedheha kubwa zaidi. Balqees, mke wa ami yangu, mwanamke anayeingia nyumba za watu na manukato mbele na maneno nyuma, alikuja kunitazama akanipa pole kana kwamba nimefiwa. Akasema mama yako anapenda maisha, na akamwangalia mtoto kwa huruma. Mama Mkubwa alikuwa jikoni anakoroga uji. Mwiko wake ulisikika mpaka chumbani.

Siku hiyo, Balqees alipokwisha ondoka, Mama Mkubwa aliniambia kwamba arubaini ikimalizika na yeye na Kheiria wamemalizana. Atakuja kwenye shughuli ya kunitoa nje kwa ajili yangu tu. Dada yake akiingia mlango huu, yeye atatoka ule. Alilisema bila ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha, maana hasira zake nilizizoea.

Mama alirudi zimebaki siku mbili za arubaini. Aflah alimshusha kwake moja kwa moja, nami nikamwona kwa simu tu, amekonda, macho yamezama, anacheka. Nikamsihi asije kwenye shughuli. Akasema asipokuja ndiyo watauliza.

Wanawake walijaa sebuleni kwangu, wamekaa chini kwenye mazulia na mito, udi unafuka, mtoto kapakwa wanja, mimi nimevalishwa nguo mpya kama biharusi. Mama akaingia. Alivaa abaya pana kuliko zake zote, na alikuwa amejipaka rangi ya mashavu, yeye ambaye hajipaki. Salamu alizopewa zilikuwa na maneno yote yanayotakiwa, lakini hakuna aliyesogea kumpisha. Akaomba kiti. Hilo peke yake lilizua minong'ono: kumbe Ulaya wamemfundisha na kukaa juu.

Balqees akaketi vizuri.

“Haya Kheiria, karibu. Tupe khabari,” akasema. “Mlifikia wapi? Mliona nini? Maana sisi tulikuwa hapa na mzazi.”

Mama akaanza. Alieleza kasri, akaeleza bustani. Aliyajua mambo ya asubuhi moja tu na alikuwa ameyasahau nusu yake, na mimi nilikuwa mbali, siwezi kumsaidia. Wakati huo huo mtu mmoja, kwa wema kabisa, akamnyanyua mtoto na kumtua mapajani pa mama. Niliona uso wa mama ukibadilika. Akamhamishia upande wa kulia haraka, na mkono wa kushoto ukaingia ndani ya abaya, ukalishika tumbo kwa chini.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni na chetezo cha udi mkononi, tayari kuondoka. Hakuondoka. Alitazama mkono ule. Akatazama mgongo wa dada yake, namna ulivyonyooka bila ya kuegemea, na miguu ilivyotangulizwa mbele kidogo. Wanawake wangapi amewaona wakikaa hivyo, na kila mmoja wao alijua amekatwa wapi. Macho yake yakatoka kwa mama yakaja kwangu. Mimi nikatazama hina ya vidole vyangu. Nilipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umelegea, nikadhani sasa ataanguka, na kwamba kile alichokiogopa mama kwa wiki zote zile kitatokea mbele ya watu wote hawa.

Akaweka chetezo chini. Akaja katikati ya sebule kwa mwendo wake ule ule.

“Balqees,” akasema, “nilimtuma miye.”

Wanawake wote wakageuka kumtazama.

“Nilimwambia Kheiria, umelea, umeuguza, hujapumzika. Nenda katembee. Mwanao ntamkalia miye.”

Balqees alijaribu kutabasamu. Akakumbusha, kwa upole mwingi, kwamba kuna sauti fulani tuliisikia sote kwenye kundi.

“Wivu,” akasema Mama Mkubwa. Mwanamke yule, ambaye katika maisha yake sijamsikia akikiri hata kuunguza wali, akalisema mbele ya ukoo mzima. “Niliona wivu. Nilitaka na miye nende nikaone farasi waliovaa kofia. Ukubwa huu wote, nikafanya ya kitoto. Na nnamtaka radhi ndugu yangu.”

Kisha akakaa chini, juu ya zulia, pembeni ya kiti cha mama. Akamtoa mtoto mapajani mwake, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu mzito, akampakata mwenyewe. Rangi ya mashavu ya mama ilikuwa imeanza kupata michirizi.

“Haya, tusimulie,” Mama Mkubwa akamwambia. “Hilo kasri mlikwenda kwa miguu au kwa gari?”

Mama akamjibu. Dada yake akamuuliza la pili na la tatu, maswali madogo madogo ya kujibika kwa neno moja, hata mtu mwengine asipate nafasi ya kuchomeka lake. Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikalia mpaka wanja wangu ukaharibika, na safari hii kwa mara ya kwanza tangu kujifungua nililia kwa raha.

Huu ni mwaka wa pili tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwambia mwenziwe kitu. Mama anaamini dada yake hajui, au anataka kuamini hivyo, na Mama Mkubwa hajawahi kutamka neno hospitali mbele yake. Wanagombana kila siku kama zamani. Ila nimeona kwamba Mama Mkubwa siku hizi anapika bila ya pilipili, na akiulizwa anasema ni kwa ajili ya tumbo lake yeye.

Mwezi uliopita mama alipimwa hapa Muscat, na majibu hayakutulia. Kuna kitu wamekiona, mpasuaji anataka akiangalie mwenyewe, na hasemi mapema kama ni cha kutisha au si cha kutisha. Usingizi umenihama tena. Mama aliandika kundini kwamba anatamani kuiona Vienna wakati wa theluji. Watu wakamtania, wakasema huyu sasa ahamie huko huko.

Kesho yake Mama Mkubwa alinipigia nikiwa kazini Al Khuwair. Hapigi saa za kazi hata siku moja. Nikatoka ukumbini, nikasimama dirishani, chini magari ya barabara kuu yamejipanga. Aliniambia safari hii anakwenda na yeye, ameshaomba viza, na anataka niwatafutie pa kufikia. Kwa mazoea nikamuuliza angependa kuona nini, nimpangie karibu na kasri au karibu na mto.

“Siendi kwa makasri,” akasema. “Tafuta nyumba isokuwa na ngazi. Na iwe karibu na pale.”

“Pale wapi, Mama Mkubwa?”

Nilimsikia akivuta pumzi.

“Pale pale,” akasema. “Na kitanda kiwe kimoja, kikubwa. Miye nnalala kwa nje.”

Nikamwambia nitakitafuta, nikarudi mezani, nikafungua ramani ya Vienna na kuanzia kwenye ile hospitali.